A Mbili Zisizokuwa Ndugu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi yetu ya Junda, Mkuu wa Chuo Bi. Sarah Lewa, masheikh na wachungaji mliotuombea dua, walimu, wazazi mliofunga safari tangu Likoni na Changamwe, wahitimu, mabibi na mabwana: wakubwa shikamooni, wadogo nawapa mkono. Hamjambo?

Naitwa Mwarandu Kiponda. Nina ofisi ndogo pale Magongo, juu ya duka la vipuri, na kazi yangu kwa miaka kumi na tisa ni kuandika programu za kompyuta. Nimeitwa nimsifu mhitimu mmoja, Asmaa Mwinyihaji wa mtaa wa Shika Adabu kule Likoni, yule aliyeketi mstari wa mbele na fimbo yake nyeupe. Nitamsifu. Lakini sifa zake zina aibu yangu ndani, kwa hivyo mkiniona nakohoakohoa, si vumbi.

Asmaa haoni tangu ana miaka minne. Chuo kilipomleta kwangu kwa mafunzo ya kazi, nilijiuliza, huyu nitampa kazi gani? Nikampa kupokea simu. Msichana aliyesomea programu miaka miwili, nikamweka kwenye simu! Akaitika, "Abee, Mzee," akazipokea, na hakuna hata moja iliyomponyoka.

Wakati huo zahanati moja ya kwetu ilitupa kazi. Mama mjamzito akipimwa presha, muuguzi aingize kipimo kwenye kompyuta, na programu yetu iwachague walio hatarini ili waitwe upesi. Presha ikimpanda mjamzito hufanya nini? Kina mama mliomo humu mnajua: huweza kumuua, yeye na mtoto. Basi nikaiandika, nikaijaribu kwa vipimo vya wanawake watatu wazima wa afya, wote wakatoka salama, nikajipongeza, nikaipeleka. Siku ya tisa muuguzi, Bi. Gladys, akanipigia.

"Mzee Mwarandu, mashine yako ina huruma mno. Kila mama yasema yu salama. Hata huyu niliyempima sasa hivi kwa mkono wangu, na kichwa chamuuma?"

Tuliizima. Bi. Gladys akaanza kupitia vipimo vya siku tisa kimoja kimoja, mamia, huku foleni ikimngoja mlangoni. Nasi, mimi na wenzangu wa ofisini, Abdulaziz na Oduor, tukaisoma programu ile mstari kwa mstari tangu asubuhi hadi adhuhuri. Watu watatu, macho sita, mawili yangu yakisaidiwa na miwani. Hatukuona kitu. Kompyuta nayo haikulalamika hata kidogo.

Ndipo Asmaa akasema kutoka kwenye simu zake, "Mzee, naomba niisikilize."

Nikamruhusu, maana nilikuwa nimeishiwa. Kompyuta yake humsomea kilichoandikwa, naye angeweza kuiharakisha. Hakuiharakisha. Huyu alihifadhishwa Qurani na bibi yake, Bi. Dhahabu, ambaye hakumruhusu kuvuka aya mpaka kila herufi ipewe haki yake. Akavaa hedifoni, kidole kwenye kitufe: herufi, akatua, herufi, akatua. Saa nzima. Oduor alinong'ona kwamba tutafika Krismasi.

"Mzee, hii herufi si ya hapa."

"Herufi gani?"

"A. Mstari wa mia mbili na kumi na tatu. Kompyuta yaiita a ya Kirusi."

Jamani! Nilikuwa nimenakili mistari sita ya mtaalamu mmoja wa Urusi mtandaoni. Ndani yake mlikuwa na kisanduku cha kuwekea kipimo, jina lake a, ya alfabeti yao. Mimi nikaandika mistari yangu juu na chini yake kwa a ya kwetu. Kwenye kioo zimefanana kama mapacha, tumbo lile lile, mkia ule ule; kwa mashine ni herufi mbili zisizojuana. Kipimo cha mama kiliingia kisanduku cha Kirusi, programu ikaenda kuchungulia kisanduku cha kwetu, ikakuta sifuri, ikasema salama. Kila mama alipimwa, na hakuna mama aliyetazamwa.

Abdulaziz alisema Subhanallah, akakaa chini. Nilimtazama binti huyu nikaingiwa na hofu, ile ya mtu aliyesimama mbele ya jambo kubwa kuliko yeye. Miaka kumi na tisa nilidhani najua kusoma! Leo kwangu programu haitoki mpaka Asmaa aisikilize, na Jumatatu anaanza kazi ya kudumu. Simu tutapokezana.

Siku ile tulianza kupiga makofi. Yeye akavua hedifoni, akauliza, "Na kina mama, Mzee? Wamepigiwa?"

Makofi yakatukauka mikononi. Tulisahihisha herufi moja, yakatoka majina kumi na moja. Asmaa akakamata simu. Kumi waliitika. Wa kumi na moja alimpigia mara nyingi, wapi, mpaka Bi. Gladys akapanda bodaboda mwenyewe. Alimkuta amejilaza, kichwa chapasuka, macho yaona nyota. Alifikishwa hospitali akazalishwa siku hiyo hiyo.

Mama huyo yumo humu, nyuma pale karibu na mlango, na binti yake wa miezi saba. Swabra Mwidani, Bi. Gladys alikwambia uje sherehe, hakukwambia kwa nini. Ulipimwa siku ya tatu. Kipimo chako kilikuwa kibaya, mashine ikakwambia u salama, ukaenda zako nyumbani ukakaa siku sita. Mashine ile niliiandika mimi, na sikuijaribu kwa kipimo cha mgonjwa hata mmoja. Nilipaswa kuja kwako nikakwambia. Niliona haya, nikanyamaza miezi saba. Mbele ya hawa wote, mwanangu, naomba unisamehe, na usiponisamehe leo, sitakulaumu.

Aliyekutafuta ni huyu hapa mbele. Hamjawahi kukutana. Njoo umshike mkono.

Waheshimiwa, nawashukuru kwa kunivumilia. Ahsanteni kwa masikio yenu.