Muthokoi wa Kavutha

Basi la Kangemi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo nisilaumiwe kwa kusikia. Mzee Muasya alimwambia mama aliyeketi kando yake, bila kunong'ona, kwamba ARV zimelaza virusi kabisa ila mafuta kwenye damu yamepanda.

"Daktari amesema nile nafaka nzima, ama aniongezee tembe ingine. Sasa kila jioni nakula muthokoi, sufuria nzima!"

"Muthokoi si ni yale mahindi mnatwanga mpaka maganda yatoke?"

"Kabisa! Bibi yangu Kavutha anatwanga mwenyewe. Laini!"

"Baba, nzima ni yenye maganda. Hayo ndiyo yanapunguza mafuta. Nani anakula maganda?"

"Kuku wake."

"Basi hao kuku damu yao iko sawa."

Mzee alicheka hadi kofia ikaanguka, kisha akakasirika kidogo, kama Mkamba yeyote aliyeguswa sufuria. Muthokoi wenye maganda, alisema, ni githeri tu, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa, na githeri ni chakula cha shule.

"Chagua: githeri ama tembe."

Basi likasimama. Mzee akainuka, akasita mlangoni.

"Githeri naweza kula, mama. Lakini Kavutha ataambiwa na nani? Shuka twende wote."