Bi Perpetua Mabruki, Mkaguzi wa Mwani Asiyevaa Fulana ya Mtu

Baba Kasisi, wazee wetu, majirani wa Mbweni na wa Mkunazini, na nyinyi mliotoka Jambiani tangu alfajiri, familia imenipa mimi Tabitha, mtoto wa pekee wa marehemu, kazi ya kukusomeeni maisha yake, na nnakuombeni mnisamehe nikisoma mbio, kwani nikisita kidogo sijui kama nitaendelea.

Marehemu Perpetua Mabruki Songoro alizaliwa hapa Mbweni tarehe 7 Machi 1968, siku ya Mtakatifu Perpetua, ndipo jina lilipotoka, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Mabruki Songoro, mpishi wa hospitali, na marehemu Bi Agata, na alibatizwa katika kanisa hilihili ambamo leo amelala mbele yetu.

Alianza skuli Kiembesamaki mwaka 1975, akamaliza kidato cha nne mjini mwaka 1986, na mwaka uliofuata akavuka kwenda Dar es Salaam kusomea kazi za maabara, akarudi na cheti mwaka 1989, walimu wake wakisema kuwa ana kichwa, na yeye mwenyewe akisema kichwa ni cha kawaida, ila pua anayo, na wote waliomwona akinusa mwani wanajua kuwa hapo hakujisifu bure.

Mwaka 1990 aliajiriwa Mlandege na kampuni moja iliyokuwa ikisafirisha mwani nje ya nchi, akawa mpimaji wa ubora hadi kampuni ile ilipofungwa mwaka 2008, akakaa nyumbani, na mwanzoni mwa mwaka 2010 akaamua kuwa hatatafuta tajiri mwingine, atajitegemea, yaani kampuni inamwita siku ya manunuzi, anakagua mwani uliokauka na usiokauka, wenye mchanga na usio na mchanga, anasema alichokiona, anakwenda zake. Watu walimshangaa, mwanamke mwenye cheti kukataa mshahara wa mwezi, naye alikuwa na jibu lake, kwamba mkaguzi wa kampuni kila siku anaukuta mwani mbichi, ili bei ishuke, na mkaguzi wa kinamama wanaoulima kila siku anaukuta mkavu, kwa hiyo lazima awepo mmoja asiye wa huku wala wa kule.

Tarehe 17 Septemba 1994 alifunga ndoa na marehemu baba yangu, Bwana Anselmi Farahani, seremala wa Mkunazini, wakaishi vizuri, wakitaniana kuwa mmoja ananuka mbao na mwengine ananuka bahari, mpaka baba alipofariki mwaka 2011, na Mungu aliwajaalia mtoto mmoja, ndiye mimi, niliyezaliwa tarehe 4 Disemba 1999, na mjukuu mmoja, aliyepewa jina la babu yake, ambaye sasa ana miezi sita na ndiye huyo mnayemsikia analia huko nyuma.

Sasa nieleze jambo la Juni 2014, kwa sababu wahusika wote wapo hapa na wamenipa ruhusa, na kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini watu wa biashara na watu wa pwani wamekaa benchi moja leo. Bwana Hamad, mwenye ghala pale Mlandege, alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwenye biashara ya mwani, akamwita marehemu kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa ni mtu mkarimu alitaka mgeni wake ajione yuko nyumbani, akampa fulana yenye jina la kampuni, akampakia ndani ya gari ya kampuni, na walipofika Jambiani akamwekea kiti ubavuni pake, nyuma ya mizani. Kinamama walitazama, halafu Bi Sichana, kiongozi wao, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ah, Bi Perpetua, hongera mwaya! Umeolewa lini Mlandege na sisi hatukualikwa?" Kinamama wakacheka, na huku wanacheka wanayarudisha magunia ndani, moja baada ya moja, hakuna hata mmoja aliyefungua gunia lake.

Bwana Hamad aliudhika, akasema, "Mimi nimemheshimu tu, kosa langu liko wapi?" na marehemu akamjibu palepale, "Heshima yako imenifunga mdomo, Bwana Hamad, leo nikisema mwani mbichi ni wewe umesema, na nikisema mkavu utadhani nimewaonea haya hawa." Hapakununuliwa kitu siku ile, kontena lilikuwa linasubiri bandarini na likaondoka nusu tupu, na marehemu alirudi mjini kwa nauli yake, fulana ameikunja ameitia mkobani.

Wengi walidhani ndiyo basi tena, lakini Bwana Hamad, na hili nalisema kwa heshima, hakutafuta mkaguzi mwengine wa kumtii, alimwita ofisini akamuuliza kazi yake inataka nini ili ifanyike. Marehemu alimwambia kuwa asimfanye mtu wa nyumbani na wala asimfiche mambo kama mpita njia, amwambie mapema kile alicholalamikia mnunuzi wa ng'ambo mara ya mwisho, asije akalisikia jambo hilo pwani mbele za watu, tena amteue mtu mmoja wa kuulizwa, kwani siku ile karani alimwambia lake, dereva lake, na shemeji wa Bwana Hamad naye akaja na lake, na mwisho, atakachokiona atakisema mbele ya pande zote mbili, hatanong'onezwa wala hatanong'ona ndani ya gari. Bwana Hamad akamteua Bi Ummy wa ofisini kwake, na tangu hapo marehemu alikwenda Jambiani kwa safari yake mwenyewe, akikaa kwenye mkeka katikati, mizani upande huu, magunia upande ule. Chai ya mtu hakuinywa siku ya kazi, hata Bi Sichana akamtania, "Leo tunanuka, siyo?" na kesho yake marehemu alikuwa anarudi makusudi kuja kuinywa. Kampuni nyengine zilikuja kumwita, na sharti lilikuwa hilohilo.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017 na nikaanza kumfuata kazini mwaka 2019, nikijifunza kimyakimya.

Marehemu alianza kuugua figo mwezi wa Oktoba 2024, akatibiwa hapa mjini, kisha Dar es Salaam, na hakuwaficha watu wake wa kazi, aliwaita Bwana Hamad na Bi Sichana akawaambia waanze kutafuta mwengine. Mwezi wa Januari Bwana Hamad alikuja nyumbani kwa wema akaniambia nafasi ya ajira ipo, mshahara wa kila mwezi, na mimi, niseme kweli, nilitaka kukubali siku ileile, maana mume wangu kazi yake ni ya msimu na mtoto ndiyo huyo, ila Bi Sichana alipokuja kumtazama mgonjwa akasema, "Ajiriwa, mwanangu, tutakusalimu vizuri tu, lakini mwani utaukagua wa ndotoni." Nikamuuliza mama nifanye nini, nilitamani aniruhusu au anikataze yaishe, yeye akasema hawezi kunirithisha kazi ile kama shamba la karafuu, kwa sababu kuaminiwa wanakupa wao, na wao wako wawili. Akaniuliza, "Unaogopa?" nikamwambia ndiyo, akasema, "Basi ogopa, ila usimwogope mmoja tu." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho marefu, na alfajiri ya Jumapili tarehe 9 Februari 2025 Bwana alimtwaa, akiwa kitandani kwake Mkunazini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia hapa na ng'ambo ya pili, inamshukuru Baba Kasisi na kwaya, majirani wa Mkunazini, Waislamu na Wakristo, ambao tangu Jumapili hawakuacha jiko letu lizimike, na Bi Ummy aliyeshinda nasi. Inawashukuru kinamama wa Jambiani, na inamshukuru Bwana Hamad kwa gari la kubebea jeneza na kwa ile nafasi aliyonipa, na kwa kuwa mko hapa nyote wawili nijibu hapahapa, kabla hatujatoka kwenda makaburini. Bwana Hamad, ajira sitaichukua, kazi nitaifanya ukiniita. Bi Sichana, mwani ukiwa mbichi nitasema mbichi, mbele yako na mbele yake, hata gunia likiwa lako. Kama yupo kati yenu asiyenitaka, aniambie leo nikiwa na watu wangu, msiningojee pwani.

Mama, umefanya kazi yako mpaka mwisho. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.