Betri za Baba Kulwa

Nawasalimu nyote katika jina la Yesu, aliyeshika pumzi zetu mkononi mwake. Kwa wasionijua, mimi ni Mama Kulwa, wa huku mashambani kati ya Ushirombo na Katoro. Nitaeleza taratibu, kama mambo yalivyokuwa, na utukufu ni wa Mungu.

Ndugu zangu, mume wangu Baba Kulwa alichimba dhahabu tangu ujana wake. Alipasua mawe, akavuta vumbi, na vumbi likakaa. Alipoacha mashimo alirudi kulima na maksai wake wawili, akawa mzima misimu kadhaa, kisha kifua kikaanza kumbana. Hospitali wakasema mapafu yamechakaa na hayatarudi, ataishi kwa mashine ya oksijeni. Ni mashine ya umeme. Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampelekea kwa mrija wa puani. Ikiwaka anapumua. Ikizimika anahangaika. Ndiyo hali yenyewe, sina namna ya kuipamba.

Kwetu nguzo za umeme hazijafika. Tulikuwa na sola kama ya watu wengine: paneli, betri moja na inveta, kwa ajili ya taa, redio na simu za majirani. Mashine ilipokuja, betri ile haikuiweza. Baba Kulwa akaamua tununue betri mpya, aifunge pamoja na ya zamani. Nilimuuliza kama zitaelewana. Akasema mbona kwa ng'ombe tunafanya hivyo siku zote: maksai mchanga anafungwa nira moja na mzee, mzee anamwonyesha mwendo, na shamba linalimwa. Msukuma yeyote aliyemo humu anajua hilo ni kweli. Na mimi nikaona ni akili. Akaunga waya mwenyewe, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, tukaomba, tukamshukuru Mungu.

Kiangazi chote hatukuona shida kubwa. Mvua zilipoanza, mawingu yakatanda, na kila siku mashine ikawa inazimika mapema kuliko jana yake. Mimi nilifunga na kuomba kwa ajili ya mapafu. Betri sikuziombea, ndugu zangu. Sikujua kama nazo zinaombewa.

Alasiri moja mashine ikapiga mlio wake wa onyo, ikanyamaza. Midomo ya mume wangu ikabadilika rangi. Niliogopa, siwafichi. Jirani mwenye gari la kubebea mpunga akatupakia kwenda hospitali, na njia nzima nilimshikilia ameketi ameinamia mbele, maana hivyo ndivyo anavyopata hewa. Tulifika akiwa hai. Daktari akamwekea oksijeni, akamtuliza, kisha akaniambia wazi: mgonjwa huyu harudi nyumbani mpaka kuwe na umeme wa kuaminika.

Baba Kulwa akageukia ukutani. Akakataa uji, akakataa wageni. Mtu aliyeishi na shamba na ng'ombe, ukimwambia nyumbani kwake sasa ni wodini, anaanza kuondoka kabla ya mapafu kumwondoa. Nilimwona anaondoka. Nikamwomba Mungu atume malaika.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa bibi mmoja wa Katoro, akiuguzwa na binti yake, Zuhura, Mwislamu, fundi wa sola. Alinisikia nikimweleza muuguzi habari za betri zetu. Akaniuliza ya zamani ina umri gani, na mpya imeungwaje, nami nikamweleza mpaka habari ya nira. Hakucheka.

"Mama, betri si ng'ombe," akasema. "Ile ya zamani haiifundishi mpya kitu. Jua likizama inainyonya, mpaka zote mbili zinalala."

Nilimpelekea mume wangu maneno hayo. Akageuka kutoka ukutani, akasema neno moja moja, akitafuta hewa katikati.

"Maksai. Uza. Wote wawili."

Anayejua mwanaume wa kwetu na ng'ombe wake ataelewa kwamba hapo ndipo Mungu alipoanza kazi.

Mama yake alipopata nafuu, Zuhura alikuja kwangu kwa bodaboda, hijabu kichwani na mkoba wa spana mgongoni. Hakuanza na paneli. Alianza na mashine: inakula umeme kiasi gani kwa saa, inawaka saa ngapi kwa siku, na mawingu yakikaa tutategemea nini. Kutoka hapo akapata betri ngapi, na kutoka kwenye betri akapata paneli ngapi. Sisi tulikuwa tumeanza na kilichokuwepo dukani. Safari hii betri zilikuwa mpya zote, za aina moja, zimenunuliwa pamoja kwa fedha ya maksai. Waya wetu mwembamba wa kwenda kwenye inveta ulikuwa unapata moto ukiugusa. Akautoa, akaweka mnene na mfupi, na fyuzi karibu na betri. Ile ya zamani hakuitupa. Aliipa paneli yake ndogo na kazi ya taa na redio, peke yake.

Betri zilipojaa, asubuhi ya jua kali akapanda juu ya bati, akafunika paneli zote kwa turubai, akawasha mashine bila mgonjwa. Majirani wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama hiyo ni ibada ya Waislamu. Zuhura akamjibu kwamba anatengeneza mawingu. Mashine ikapuliza hewa katika chumba kitupu mchana kutwa, usiku kucha, na kulipokucha ilikuwa bado inapuliza. Nikapiga magoti pale pale mbele ya inveta. Zuhura akasema alhamdulillahi, mimi nikasema amina, na sikuona tatizo lolote.

Daktari alipoambiwa, akatoa ruhusa. Baba Kulwa yuko nyumbani.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba amepona. Leo hayuko hapa kwa sababu mashine haitembei. Niliomba mapafu, Mungu akanipa umeme, nami nimepokea. Wabeja sana, asante sana, Baba wa mbinguni! Nanyi mtegemeeni, hata jibu likija kwa mlango ambao hamkuuangalia.

Wiki hii Baba Kulwa alinigombeza. Alisema mchuzi umejaa chumvi, kwamba siku hizi napika mawazo yakiwa kwa majirani, na kwamba mama yake hakuwahi kumlisha hivyo hata siku moja. Alisema yote hayo kwa mkupuo mmoja, bila kutafuta hewa katikati. Nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Kwa hiyo ukirudi nyumbani leo na mtu wako akakugombeza, mwache amalize. Halafu mshukuru Mungu. Amina.