Nyumbu wa Nehemiah Ombui

Mchungaji, wazee wa kanisa, wakwe zetu mliotoka Suneka, majirani, na nyote mliofanya kazi na ndugu yangu, mimi ni Jethro Mogire, mdogo wake, na familia imenipa jukumu la kusoma maisha ya Nehemiah Ombui, nami nitayasoma yote, hata ile sehemu ambayo baadhi yenu mliniomba asubuhi niiruke.

Nehemiah alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 hapa Nyaramba, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Ongeri na mama yetu Bonareri, aliyeketi mbele yenu, akasoma shule ya misheni kuanzia 1940 hadi 1948, akafundishwa kilimo, na mwaka 1955 akamwoa Persis Mokeira, wakajaliwa watoto watatu, Tryphosa, Manasseh na Marion.

Januari 1963 aliajiriwa msaidizi wa shamba katika kituo kidogo cha majaribio ya nafaka karibu na Nyakoe, na huko akajifunza kutoa chavua ya mmea mmoja na kuipaka kwenye ua la mwingine, kazi ya kibano na subira, aliyoipenda kuliko chakula. Mwaka 1968 alichanganya wimbi letu, lile ambalo mama huliita obori, na nyasi pori ya kando ya njia, akapata mmea mrefu wenye masuke matupu, usio na hata punje moja, na kwa kuwa haukuzaa akauita Nyumbu, kama yule mtoto wa punda na farasi. Ng'ombe waliupenda mno, basi akauleta nyumbani, akawagawia mashina majirani na wakwe, nasi tukaupanda kandokando ya wimbi bila hofu, kwa sababu jina lenyewe lilitutoa wasiwasi.

Agosti 1972 Persis alimwambia mumewe kwamba shina moja karibu na zizi lina punje, naye, Mungu amrehemu, akacheka, akasema nyumbu hazai, na shemeji yangu akarudi kwenye mavuno. Hapo ndipo tulipokosea, na nasema tulikosea kwa sababu mimi pia nilicheka.

Baadaye Nehemiah alinieleza kwamba mara chache sana chembe za urithi za mmea tasa hujirudia maradufu, mmea ukapata uzazi, na watoto wake hawamrudii mama wala baba, bali huwa aina mpya, isiyokuwapo duniani jana. Kwa misimu miwili alijaribu kuuzalisha na wimbi, kisha na nyasi, ukakataa kote, ukazaana wenyewe kwa wenyewe. Wakati wa palizi wanawake wa egesangio, kikundi chetu cha kulimiana, hawakuweza kuutofautisha na wimbi, wakaupalilia kwa upendo, na kisu cha mavuno kilipofika, punje zake zilikuwa zimekwisha kupukutika ardhini, tayari kuota msimu uliofuata na kulisonga wimbi. Mwaka 1976 mama alivuna nusu kikapu katika shamba lililozoea kujaza ghala, na mwaka huu hana mbegu safi hata ya kufunika kiganja.

Nehemiah aliwaandikia wakubwa wake barua tatu, akajibiwa kwamba mmea huo haumo kwenye orodha yao ya magugu. Desemba 1976 aliacha kazi, akawa anapita shamba kwa shamba akiung'oa, mvua ikimnyeshea, wengine wakimfukuza kama mwizi, hadi Machi mwaka huu wa 1978 alipopata homa ya mapafu, akalazwa mjini Kisii, akafariki Jumanne tarehe 4 Aprili, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Persis. Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa kwamba yeye, Persis, ndiye aliyeona vizuri siku ile kando ya zizi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa kazini mliokuja ingawa hamkutumwa.

Kaburi hili limechimbwa karibu na zizi, na udongo mtakaomtupia una punje zile, hivyo marehemu mwenyewe aliomba kwamba kila mmoja wenu, kabla ya kuondoka, anawe mikono na miguu kwenye karai lililowekwa langoni, akung'ute na pindo la nguo. Karai nililiweka mwenyewe leo asubuhi, na nilipoinuka niliuona mmea ule ule ng'ambo ya lango, kando ya barabara yenu ya kurudia nyumbani, masuke yakiwa yamekwisha kupukutika.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu, sisi tuna palizi.