Jina Kwenye Hesabu ya Nyota

Benchi lililo nje ya kibanda cha Fundi Viatu lina miguu mitatu na tofali, na wanaolikalia kila asubuhi hugombana mpaka birika la kahawa likauke. Siku hiyo Daktari, mhadhiri wa fizikia ambaye hajawahi kutibu hata mafua, alifika akawasimulia kilichomsibu. Mkewe, mhadhiri mwenzake, alifariki mwanzoni mwa mwaka. Sasa hesabu yake ya mwisho ilikuwa inakwenda kuchapishwa, na mkuu wa idara alikuwa amepiga simu: jina la marehemu litolewe, maana marehemu hawezi kujibu maswali ya wahariri. Liwekwe la mume. La sivyo, kazi ifungiwe kabatini. Alitaka jibu kabla ya adhuhuri.

Kinyozi, mmoja wa wazoefu wa benchi, akataka kujua hiyo hesabu ni ya nini hasa.

Daktari akaeleza taratibu, kama yuko darasani. Zipo nyota zilizokufa zikajibana, uzito wa jua zima ukaingia kwenye ukubwa wa mji mmoja. Humo ndani, na hata pembeni tunaposema hamna kitu, pana uga wa nguvu usioonekana, umetandaa, umetulia. Mvutano wa nyota ukizidi kiwango fulani, uga wa namna hiyo unaweza kuamka, nguvu yake ikavimba mpaka nyota yenyewe itikisike. Mkewe alikuwa akikitafuta hicho kiwango. Alikipata.

Fundi akaiacha sindano ndani ya soli. Kwake mambo yalikuwa wazi: idara inataka kuiuza nyota. Kinyozi akasema si kuiuza, ni kuiamsha, na ndiyo maana umeme hauishi kukatika mtaani. Breki, dereva wa malori aliyestaafu, akawaambia wote wawili vichwa vyao havina abiria.

— Ofisi hiyohiyo inakubali pasipo na kitu paweza kuamka pakatikisa nyota, akasema. Halafu shemeji yetu, aliyezeeka na hiyo hesabu, wanasema hayupo. Hao wamesomea wapi?

— Mimi naona ukubali tu, Daktari, akasema Kinyozi. Jina si linabaki nyumbani?

— Nyumbani kwa nani? akadakia Breki. Kesho ukifa nikatundike jina langu kwenye kibanda chako cha kunyolea?

Wakashikana hapo. Daktari hakuwatuliza. Alikuwa na hasira tangu ile simu, na kilichoizidisha ni kwamba, kwa kuogopa lile kabati, alikuwa karibu kukubali.

Mama mmoja alikuwa amesimama akingoja viatu vyake. Alikuwa amesikia yote.

— Samahani kaka, akasema. Kwenye hiyo hesabu, wewe ulifanya sehemu gani?

Kinyozi akachungulia kikombe chake, hakikuwa na kitu. Daktari akakumbuka chai aliyokuwa akiipeleka mezani kwa mkewe, ikapoa, akaiondoa, akaleta nyingine.

Akatoa simu palepale.

— Jina lake libaki, akamwambia mkuu wa idara. Maswali ya wahariri nileteeni mimi.

Upande wa pili ukauliza, kwa upole wa mtu anayejua keshashinda, itakuwaje akishindwa kuyajibu.

— Basi mtaona wazi kwamba hesabu ni yake.