Shangazi na Mashine Iliyokataa Kuhama

Tarehe 30 Juni mwaka huu Shangazi anatimiza miaka thelathini na minne ya uuguzi katika hospitali hii na kustaafu, na wodi ya wanaume inampoteza mtu pekee anayeweza kumnyamazisha daktari bingwa kwa kukohoa tu. Jina la Shangazi tulimpa wenyewe: asubuhi anakugombeza, mchana anakumegea chakula chake, jioni anakuuliza utaoa lini.

Alianza kazi enzi za glavu za kugombania na hotuba ndefu kuhusu moyo wa kujitolea. Shangazi alikuwa akisema moyo anao, ila moyo hauvuti makohozi.

Na hapo ndipo penye kisa. Tulikuwa na wodi nne na mashine moja tu ya kuvuta makohozi. Wakaguzi wakija, desturi ilikuwa kuikimbiza kwa mlango wa nyuma ili iwatangulie kila wodi. Mkaguzi mmoja aliwahi kutusifu kwa kununua mashine zinazofanana, hadi ufa wa pembeni.

Mwaka mmoja wabebaji walifika wodini kwa Shangazi kuichukua, wakakuta mashine inamhudumia mzee aliyekuwa akihangaika kupumua. Shangazi aliwaambia haiendi popote, akavuta kiti, akakaa mlangoni. Wakaguzi wakaingia wodi ya pili, wakakuta kona tupu. Mzee alipona. Shangazi akavuliwa usimamizi wa wodi kwa kosa la kuiaibisha hospitali.

Miezi michache baadaye zikaletwa mashine tatu mpya. Wauguzi wawili waliokuwa wameomba uhamisho wakaghairi, na sisi wengine tukaacha kuchelewa, maana ukijua utakuta kitu cha kufanyia kazi, hata miguu inakuwa myepesi. Uongozi ulipiga picha na mashine hizo. Shangazi hakuitwa, alikuwa zamu, anatandika vitanda.

Cheo hakurudishiwa mpaka leo. Jambo hilo linatuuma, na tunaliandika hapa makusudi, mhariri wa jarida hili la hospitali akiwa likizo. Anaondoka akiwa muuguzi wa kawaida, ingawa kila msimamizi aliyekuja baada yake alikuwa akimvuta pembeni kumuuliza la kufanya.

Asante, Shangazi. Kalale mpaka jua likuamshe, ukawagombeze wajukuu, na maisha yakuendee vizuri. Na siku ukiugua, njoo hapahapa. Mashine utaikuta.