Mzee Mansuetus Kinunda, Mtetezi wa Ngoro

Marehemu Mzee Mansuetus Kinunda alizaliwa Mbuji tarehe 12 Machi 1934. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akawa karani wa ushirika wa kahawa. Mwaka 1958 alifunga ndoa na Gertruda, wakahamia Mkumbi, kwenye mteremko ambao wengine waliukataa kwa ukali wake.

Biashara huria ilipoingia, na wanunuzi binafsi wakafuata kahawa hadi milangoni, Mzee alikuwa diwani. Mambo mapya hakutaka kuyasikia. Vijana walipoacha ngoro, yale mashimo yetu ya kushika maji, wakalima matuta ya harakaharaka, alipitisha sheria ndogo: mteremko bila ngoro, faini. Walimwita kikwazo cha maendeleo, na mwaka 2000 wakamwangusha. Mvua za miaka iliyofuata zilisomba mashamba ya matuta. La kwake lilibaki. Tangu juzi wale wale waliomwangusha wamejaa hapa msibani wakisema aliona mbali. Familia inashukuru, lakini sifa hizo zina kasoro, na inakera kuzisikia.

Kwa desturi ya Wamatengo, mwanamume hulaza nyasi kwa miraba, mwanamke huchimba shimo katikati na kuzifukia kwa udongo. Mwaka 1996 Mzee alileta wageni kutoka Songea waone. Alilaza nyasi kwa ustadi, shati limepigwa pasi, kisha akakaa juu ya jiwe kueleza faida za ngoro huku Mama Gertruda akichimba nyuma yake. Wageni wakampigia Mzee makofi. Binti yake Luisa alipomwomba siku moja ashike jembe amsaidie mama, alijibu kwamba mila haipigiwi kura.

Mwaka 2003 alipatwa na kiharusi. Mama Gertruda, ambaye mgongo wake haunyooki tena, alimuuguza, akamwomba jambo moja tu.

“Baba Tobias, wageni wakija, waambie ni nani aliyechimba.”

“Kila mtu anajua, mama Tobias.”

“Basi na wewe sema.”

Wageni walikuja, Mzee akawasimulia vikao vya halmashauri. Alifariki tarehe 9 Februari 2004 bila kusema. Leo familia inamsemea: sheria ilikuwa yake, ngoro ni za Mama Gertruda.

Ameacha mjane, watoto watatu, Tobias, Luisa na Edina, pamoja na wajukuu. Anazikwa alipochagua mwenyewe, katikati ya shamba. Vijana wamechimba kaburi tangu asubuhi, na Mama Gertruda amesema hilo ndilo shimo la kwanza shambani humo kuchimbwa na wanaume.

Mungu amjalie Mzee pumziko la amani. Na mama naye apumzike, angali hai.